UZI: Nyota mbili ndani ya ganda moja la gesi: nini hasa hutokea humo ndani?

#1 Mzingo_Mfupi (mleta mada)

Wadau wa anga, habari zenu. Kila zikitajwa nyota maradufu zinazoshiriki ganda la gesi, naona mambo mawili tofauti yanatiwa kapu moja. Ngoja niyatenganishe kwanza, kisha wenye hesabu waingie.

La kwanza ni nyota zinazogusana. Mfano mkuu ni W Ursae Majoris katika Dubu Mkubwa, iliyogunduliwa mwaka 1903 na Müller na Kempf. Nyota zake mbili zina tungamo la takriban 1.2 na 0.6 ukilinganisha na Jua, umbali kati ya vitovu vyao ni kama nusukipenyo 2.4 za Jua, na zinazungukana mara moja kila saa 8. Kila nyota ina eneo lake la mvutano lenye umbo la tone, yaani eneo la Roche, na ncha za matone hayo mawili hukutana kwenye nukta L1. Nyota zote mbili zikijaa na kufurika, gesi huifunika L1 kama maji yanavyofunika kizingiti kati ya madimbwi mawili. Juu zaidi, nyuma ya ile nyota nyepesi, kuna mdomo wa pili, L2. Ganda likifika pale, gesi inamwagika nje moja kwa moja. Kujaa kwa ganda hupimwa kwa f: 0 maana yake gesi iko usawa wa L1, na 1 maana yake imefika ukingo wa L2.

Jambo la ajabu katika W UMa ni joto. Nyota ya 0.6 ikiwa peke yake huwa hafifu na nyekundu kuliko ya 1.2, lakini hapa nyuso zote mbili zina joto linalokaribiana, karibu Kelvin 6,000. Mwaka 1968 Lucy alieleza kwamba ganda la juu ni moja na linachemka kwa konveksheni (gesi ya moto inapanda, iliyopoa inashuka), kwa hiyo nishati inayozalishwa ndani ya nyota nzito huvuka shingoni na kutokea kwenye ngozi ya nyota nyepesi. Ndiyo maana kwenye grafu ya mwanga mabonde mawili ya kupatwa yana kina karibu sawa, na mwanga haukai tambarare hata dakika moja. Hali hii hudumu muda mrefu sana.

La pili ni ganda la pamoja la muda mfupi. Jitu jekundu linamfunika mwenzake mzima, na yeye anaanza kuzama ndani yake. Paczyński aliliandika mwaka 1976, na mfano ulio wazi ni V471 Tauri katika kundi la Hyades: kibete cheupe na nyota ya rangi ya chungwa, zinazungukana kwa saa 12.5, umbali wa nusukipenyo 3.3 za Jua. Kibete cheupe ni kiini cha jitu la zamani, na jitu lile lilikuwa pana kuliko obiti yote iliyopo leo. Kwa hiyo obiti ilikuwa kubwa, ikabanwa. Kitu pekee kilichokuwa karibu cha kuibana ni ganda lenyewe.

Tofauti ya msingi kati ya hayo mawili: katika W UMa gesi ya ganda inazunguka sawia na nyota, kama abiria na basi. Hakuna msuguano kati ya ganda na obiti. Katika ganda la jitu, gesi inabaki nyuma, na nyota inayozama inapasua gesi isiyokwenda nayo. Hapo ndipo nishati ya obiti inapoanza kuliwa.

#2 Nyotamkia

Shukrani mkuu, hiyo ya abiria na basi imenikaa. Swali: kwa nini jitu lisimwage gesi taratibu kupitia L1 hadi liishe, mwenzake akaipokea bila kumezwa?

#3 KibeteCheupe

@Nyotamkia, wakati mwingine ndivyo inavyokuwa. Inategemea uwiano wa tungamo na aina ya ganda la mtoaji.

Ganda la jitu jekundu linachemka kwa konveksheni lote zima, na ganda la namna hiyo likipunguzwa haliywei, linavimba. Kwa makadirio ya kawaida nusukipenyo hufuata tungamo kwa kipeo cha −1/3. Wakati huohuo, gesi ikitoka kwa mzito kwenda kwa mwepesi, obiti inafupika. Tungamo la jumla na momenta ya mzunguko (kiasi cha mwendo wa kuzunguka) visipopotea, umbali hufuata 1/(M1·M2)², M1 ikiwa tungamo la jitu na M2 la mwenzake.

Tia namba. Jitu la 1.5 lenye nusukipenyo 200, mwenzake 0.5, umbali 420 (vipimo vyote ni vya Jua). Eneo la Roche la jitu ni 200, ndiyo kwanza limejaa. Sasa hamisha 0.2 tu. M1·M2 inapanda kutoka 0.75 hadi 0.91, umbali unashuka hadi kama 285, na eneo la Roche linabaki kama 124. Jitu lenyewe limevimba hadi 210. Nyumba imepungua, mwenye nyumba amenenepa. Kinachofurika kinaongezeka badala ya kupungua, na mwenzake hawezi kumeza gesi kwa kasi hiyo. Gesi inamjaa, eneo lake nalo linafurika, na wote wawili wanajikuta ndani ya ganda moja.

Kwa hesabu sahili kabisa, ganda la konveksheni linahitaji mtoaji awe chini ya kama 2/3 ya tungamo la mpokeaji ndipo uhamishaji utulie. Hesabu zenye fizikia kamili ya tabaka za juu hulegeza sharti hilo hadi kuzidi 1. Ganda lisilochemka, la nyota ambayo haijawa jitu, linavumilia hadi uwiano wa 3 au 4, kwa sababu likipunguzwa linanywea.

#4 Hesabu_za_Anga

Niendelee na mfumo huohuo wa KibeteCheupe. Kiini cha jitu 0.5, ganda 1.0. Nawapa hatua zote ili kila mtu arudie kwa kikokotoo.

Hatua ya kwanza ni umbali wa mwanzo. Kanuni ya Eggleton ya 1983 inasema eneo la Roche gawanya kwa umbali ni 0.49·q^(2/3) / [0.6·q^(2/3) + ln(1 + q^(1/3))]. Hapa q ni tungamo la nyota unayoitafutia eneo gawanya kwa la mwenzake. Wengi hukosea hapa kwa kuigeuza q, na jibu linatoka la nyota nyingine. Kwa q = 3 unapata 0.476, hivyo umbali ni 200/0.476 = 420, na muda wa mzunguko ni kama siku 705.

Hatua ya pili ni mizani ya nishati, ambayo Webbink aliiweka mwaka 1984:

G·M1·Mganda / (λ·R) = α · [ G·Mkiini·M2 / (2·a_mwisho) − G·M1·M2 / (2·a_mwanzo) ]

G ni namba ya mvutano ya Newton, R ni nusukipenyo cha jitu, na a ni umbali. Kushoto ni nishati inayolishika ganda lisitawanyike. λ ni namba ya umbo: ganda limejazana karibu na kiini au limekaa mbali? Kulia ni nishati ambayo obiti inatoa ikifupika, na α ni sehemu yake inayofanya kazi ya kulisukuma ganda nje. Nyingine inapotea, kwa mfano kama mwanga.

Chukua λ = 0.5. Kushoto: 1.5 × 1.0 / (0.5 × 200) = 0.015. Kipimo kimoja hapa (G mara tungamo la Jua kwa kipeo cha 2, gawanya kwa nusukipenyo cha Jua) ni Joule 3.8 × 10^41, kwa hiyo ni kama Joule 5.7 × 10^39. Obiti ya mwanzo ina 1.5 × 0.5 / 840 = 0.0009 tu. Hilo lishikeni: obiti ya mwanzo haina kitu mfukoni. Nishati yote inatoka kwenye kuzama.

Kwa α = 1, umbali wa mwisho ni 0.125 / 0.0159 = 7.9, muda siku 2.6. Kwa α = 0.3, umbali ni 0.125 / 0.0509 = 2.46, muda saa 10.7. Kutoka siku 705 hadi saa 10.7.

Hatua ya tatu wengi huiruka: je, aliyebaki anaenea kwenye obiti hiyo? Nyota ya 0.5 ina nusukipenyo kama 0.5. Eneo lake la Roche kwa q = 1 na umbali 2.46 ni 0.93. Anaenea, amepona.

Sasa mweke mwenzake wa 0.1 badala ya 0.5, α ileile 0.3. Umbali wa mwanzo unakuwa 328, na wa mwisho 0.50, muda wa dakika 76. Eneo lake la Roche ni 0.125, naye mwenyewe ana nusukipenyo kama 0.12. Amepona kwa unywele. Punguza tungamo lake kidogo zaidi na hesabu inamtaka azame hadi mahali ambapo anararuliwa kabla ganda halijatoka. Matokeo yake ni muungano: nyota moja iliyobaki inayozunguka kwa kasi.

#5 Tabaka_la_Ndani

@Hesabu_za_Anga, hesabu imenyooka, ila napinga ile "chukua λ = 0.5" kupita kimyakimya. λ inabadilika katika maisha ya jitu hilohilo. Ikiwa ni pamoja na nishati ya joto ya gesi, jitu lililo mwishoni mwa maisha yake linaweza kuwa na λ inayozidi 1, kwa sababu ganda limeshalegea. Na katika mlinganyo α na λ zimezidishana, hivyo ukiangalia mfumo mmoja uliobaki huwezi kujua ipi ni ipi. Anayesema "nimepima α" kwa kweli amepima α·λ, kisha akachagua λ.

Tatizo la pili ni mpaka wa kiini. Kiini kinaishia wapi? Wengine hukata pale hidrojeni inaposhuka hadi asilimia 10 ya tungamo. Kwenye jitu dogo haidhuru sana, mpaka ni mkali kama ukingo wa meza. Kwenye nyota nzito zitakazozaa nyota za nyutroni, tabaka la karibu na kiini ndilo lenye nishati kubwa ya kushika ganda, na kusogeza mpaka kidogo kunabadilisha jibu mara kadhaa. Anayetumia programu ya MESA kutengeneza jitu lake na asitaje mpaka alioutumia, jibu lake halirudiki.

Lipo na pato ambalo mizani ya #4 haikuandika. Ganda likitanuka na kupoa, elektroni zinarudi kwenye viini vya atomi na kutoa nishati. Kila atomi ya hidrojeni inatoa elektronivolti (eV) 13.6, na ya heli eV 79 kwa elektroni zote mbili. Kwa ganda la tungamo 1 la Jua, jumla ni karibu Joule 3 × 10^39. Linganisha na 5.7 × 10^39 ya hapo juu: zaidi ya nusu! Ubishi uliopo ni kiasi gani cha nishati hiyo kinalisukuma ganda na kiasi gani kinavuja kama mwanga. Heli inaungana ndani kabisa, ambako gesi ni nzito na mwanga hautoki kirahisi, kwa hiyo ya heli naiamini. Ya hidrojeni inatoka karibu na uso, na sehemu yake nzuri inaweza kuvuja bila kufanya kazi.

#6 Nyotamkia

Je, siwezi kukokotoa kuzama kwenyewe kwa kanuni ya ukinzani, hatua kwa hatua, niachane na α kabisa?

#7 KibeteCheupe

Kujaribu unaweza, ila angalia kwanza kama kanuni inatimiza masharti yake. Ile ya Bondi na Hoyle inadhani nyota inapita kwenye gesi iliyosambaa sawasawa, na kwamba inavuta gesi iliyo ndani ya nusukipenyo cha 2·G·M2/v². Kwenye jitu letu, kasi ya obiti karibu na uso ni kama kilomita 38 kwa sekunde. Kwa M2 = 0.5 unapata kama 133. Jitu zima ni 200! Yaani "mtaa" wa nyota inayozama ni zaidi ya nusu ya jitu, na humo msongamano wa gesi unapanda mara nyingi sana kutoka nje kwenda ndani. Kanuni itakupa mwelekeo, lakini namba zake usizitegemee.

Ndiyo maana watu huenda kwenye kompyuta kwa vipimo vitatu, kwa programu kama Phantom au AREPO. Huko nako kuna mitego. Muda wa kidinamiki wa jitu letu (muda linaohitaji kujirekebisha likisukumwa) ni kama siku 43, lakini kiini kinabadilika kwa sekunde, kwa hiyo kiini hubadilishwa kuwa nukta yenye mvutano uliolainishwa ndani ya umbali fulani. Obiti ikifupika hadi kukaribia umbali huo, inasimama kwa sababu ya ulainishaji, na asiyejua anafurahi kwamba "amepata umbali wa mwisho". Rudia kwa ulainishaji nusu yake. Jibu likihama, halikuwa la fizikia. Halafu jitu lenyewe liachwe litulie peke yake, tuseme kwa nyakati 10 za kidinamiki, kabla ya kumleta mwenzake. Lisipotulia linapumua lenyewe, na upumuaji huo unatoa gesi ambayo utaihesabu kimakosa kuwa imefukuzwa.

Kinachoonekana kwenye majaribio haya: mporomoko mkuu unachukua miezi hadi miaka michache, obiti chache tu. Gesi inatoka kwa mawimbi ya mzunguko kama konokono, nyingi kwenye usawa wa obiti. Halafu ganda linavimba, linaanza kuzunguka pamoja na nyota, msuguano unapungua, na kuzama kunapungua kasi huku sehemu kubwa ya ganda ikiwa bado imeshikwa. Bila ile nishati ya atomi ya #5, majaribio mengi hayamalizi kulifukuza ganda.

Nyota inayozama nayo hainenepi humo. Gesi ya moto inayoifikia haikai, haina njia ya kupoa haraka, inarudi nje. Inatoka na tungamo karibu lilelile iliyoingia nalo.

#8 Darubini_Ndogo

Kwa sisi wa upande wa kupima: ganda la jitu likifanya kazi yake hatulioni kirahisi, ni muda mfupi mno. Tunaona mabaki, kama UU Sagittae, jozi ya saa 11 iliyo katikati ya nebula ya sayari (wingu la gesi; sayari ni jina tu) Abell 63. Nebula ile ndiyo ganda lililofukuzwa. Lakini zile za W UMa mtu anaweza kuzifuatilia kwa darubini ndogo na kamera ya CCD, akapima kama obiti inafupika.

Unachopima ni wakati wa bonde la kupatwa. Piga picha kila dakika moja au mbili, anza saa moja kabla ya bonde na uendelee saa moja baada yake, kisha tafuta katikati kwa njia ya Kwee na van Woerden. Tofauti kati ya wakati uliopima na uliotabiriwa unaichora dhidi ya miaka. Muda wa mzunguko usiobadilika unatoa mstari ulionyooka, na unaobadilika taratibu unatoa mkunjo wa parabola.

Ukubwa wake: chukua badiliko la siku 10^−7 kwa mwaka kwa nyota ya siku 0.33. Baada ya miaka 10 tofauti ni kama dakika 8. Sasa sikilizeni hili vizuri. Dunia ikilizunguka Jua, mwanga wa nyota hutufikia mapema au kuchelewa hadi dakika 8.3. Usiposahihisha wakati wako uwe wa kitovu cha mfumo wa Jua, kosa lako ni kubwa sawa na kitu unachokitafuta. Na wengi wa wapimaji wapya huangukia hapo.

Mtego mwingine ni nusu siku. Tarehe ya Julian inaanza saa sita mchana, na ile iliyofupishwa inatoa 2400000.5. KIC 9832227 ilitangazwa mwaka 2017 kwamba nyota zake zitaungana mwaka 2022. Mwaka 2018 ikabainika kwamba wakati wa kupatwa wa 1999 ulichapishwa ukiwa umekosewa kwa saa 12. Muda wa mzunguko wake ni karibu saa 11, kwa hiyo kosa la saa 12 lilijificha likaonekana kama tofauti ya saa moja tu, na saa moja hiyo ikaupinda mkunjo wote. Utabiri ukaondolewa.

Na msisahau nyota ya tatu. Nyingi ya jozi hizi zina mwenzao wa mbali, na jozi ikisogea mbele na nyuma, tofauti inapanda na kushuka kama wimbi. Nusu ya wimbi hilo inafanana kabisa na parabola.

#9 Nyotamkia

Basi nitajuaje kwamba jozi inaungana kweli?

#10 Mzingo_Mfupi

Hapa ndipo makapu mawili ya #1 yanapokutana. V1309 Scorpii ililipuka Septemba 2008 katika kundi la Nge, ikang'aa mara maelfu kadhaa kisha ikawa nyekundu badala ya bluu. Bahati nzuri mradi wa OGLE ulikuwa umeipiga picha tangu 2001, na Tylenda na wenzake wakachapisha vipimo hivyo mwaka 2011: ilikuwa jozi inayogusana yenye muda wa siku 1.4.

Chanzo kinachodhaniwa ni tatizo la Darwin. Nyota nzito lazima ijizungushe kwa kasi ileile ya obiti. Obiti ikifupika, kasi hiyo inapanda, na momenta inayohitajika inachukuliwa kutoka kwa obiti yenyewe. Momenta ya kujizungusha ikizidi theluthi moja ya ile ya obiti, kila malipo yanazaa deni kubwa zaidi. Kwa nyota za kawaida hilo hutokea mwenzake akiwa chini ya kama 0.1 ya nyota nzito. Abiria wanaachana na basi, na kutoka hapo ni ganda la aina ya pili.

Kwa hiyo tazama mambo matatu kwa pamoja. Muda wa mzunguko wa V1309 haukufuata parabola. Ulipungua kwa kasi iliyozidi kupanda mwaka hadi mwaka. Grafu ya mwanga ilibadilika umbo: nundu mbili kwa kila mzunguko zikawa moja kufikia 2007, dalili kwamba gesi imeanza kufunika upande mmoja wa jozi. Tena mwanga ulififia kabla ya kupanda kuelekea mlipuko. Jozi yenye uwiano wa tungamo uliopimwa kwa spektra (mwanga uliotenganishwa rangi zake) ukawa chini ya 0.1, mkunjo unaozidi parabola, na nundu moja inayomezwa: hiyo mpigie simu kila mwenye darubini. Yenye parabola peke yake, endelea kuipima miaka 10 mingine.

#11 Darubini_Ndogo

Naongeza kuhusu spektra: chukua za vipindi vifupi, dakika 10 hivi kwa nyota ya saa 8. Ukiacha lenzi wazi saa nzima, nyota zimeshatembea moja ya nane ya obiti, mistari inafutika, na uwiano wa tungamo unaotoka humo si wa kutegemea.